Jeki Alipokwenda Kuniposea

Mimi huota mchana. Usiku nalala tu. Jana, baada ya wali na samaki, nilijitupa kwenye mkeka, nikaota niko barazani kwangu, Tanga, namwita mke wangu Mwanakombo aniletee maji. Haitikii.

Naingia ndani. Kitandani kuna mto mmoja. Picha ya harusi ipo ukutani, lakini nimesimama peke yangu na mkono wangu umekumbatia hewa.

"Hakuna mtu wa jina hilo," inasema fomu ya bima ya gari, imekaa kitini imekunja nne. "Umeandika mwenyewe."

Kweli niliandika. Juzi, nikilikatia gari bima kubwa, nilifika penye "mwenza au dereva mwingine" nikajaza: Hakuna. Leseni Mwanakombo anayo, tena hajawahi kugonga hata ndoo. Nilikuwa naulinda usukani wangu tu, sina cha kujitetea.

"Nirudishie mke wangu!"

"Mimi karatasi tu, bwana. Sasa gari ndilo walii wake. Peleka posa."

Mtu hajiposei mwenyewe, kwa hiyo natafuta mshenga. Jeki anatoka kwenye buti, anajipangusa grisi, anavaa kofia yangu ya viua.

"Nimeshainua wazito kuliko wewe," ananituliza.

Naandika barua, anaitia kwenye bahasha. Tunapiga hatua sita, tunafika Korogwe. Gari limekaa jamvini na matairi yake manne. Spea, ambaye ni shangazi mtu, anachungulia kwa nyuma.

"Hodi," anasema jeki. "Kijana wetu ameona ua kwenu."

"Kijana?" anaguna Spea. "Mbona ana kipara kuliko mimi?"

Gari linasoma barua kwa taa zote mbili, halafu linanigeukia. "Mwaka jana ulipovunjika mguu, nani alikuwa anakupeleka hospitali?"

Nahesabu matairi.

"Nimekuuliza, bwana."

"Yeye," nasema. "Kila Jumatatu, wiki saba. Mimi nimekaa pembeni namwambia akanyage breki."

"Na mngegongwa yeye akiwa usukanini, watu wa bima ungewaambia nini?"

"Kwamba nilikuwa naendesha mimi."

"Na plasta mpaka gotini?"

Matairi yanacheka mpaka yanapungua upepo. Mimi sicheki. Naona haya, machozi yananitoka, nayafuta kwa kitambaa cha kufutia vioo. Namtaka mke wangu, basi.

"Majibu mtaletewa," linasema gari, linazima taa.

Nikazinduka. Mwanakombo alikuwa amesimama mbele yangu. Nikamkumbatia miguu yote miwili.

"Baba Saumu, una nini leo? Na hii bahasha nimeikuta kwenye kiti cha dereva, grisi tupu." Akafungua, akasoma, akasoma tena. "Mwandiko wako huu. Unaniposa mara ya pili?"

"Wasemaje?"

Akaikunja barua. "Nakubali. Lakini kesho twende ofisi ya bima, uniandike nikiona. Na naendesha mimi."

Asubuhi hii, nikitafuta kofia yangu ya viua, niliikuta kwenye buti, juu ya jeki. Nikamwachia. Nikakaa kiti cha pembeni, nikafunga mkanda, na njia nzima sikutaja breki.