Zege Lililolala

Zege lilikataa kuganda. Wengine wangelia, Ghislaine alitukana. Kila akichomeka kidole, kinazama! Unga wa chupa zilizosagwa, kokoto, mchanga, saruji: vipimo ni vilevile alivyovijaribu nyumbani kwake, na kule zege liligeuka jiwe. Hapa mbele ya ukumbi wa kijiji, limekuwa uji.

Lilikuwa zege la mteremko wa kuingilia ukumbini, na mteremko huo haukuwa pambo. Mama yake, Fernande, anatembelea kiti cha magurudumu, na kila siku ya kucheza karata huingizwa ukumbini kwa mlango wa jikoni, katikati ya mapipa ya taka. Meya Normand aliukubali kwa shingo upande: ukifaulu, mashine ya kusaga chupa inabaki kijijini, ukishindwa, inauzwa.

Normand akaja, akakanyaga. Kiatu kikazama mpaka kwenye kamba.

"Takataka ni takataka, Ghislaine. Ijumaa tunabomoa."

"Mheshimiwa, toa kwanza mguu wako kwenye kazi yangu!"

Ghislaine akarudi nyumbani akifoka. "Nimepita mlango kwa mlango nikiwaambia, leteni chupa safi. Safi! Neno gumu hilo?"

Fernande alikuwa mezani na chupa ya shira ya miti, utomvu uliochemshwa ukawa mtamu kama asali, ile chupa yenye mdomo mpana. Anapitisha ganda la mkate ndani, anazungusha, anakula.

"Mama, unafanya nini?"

"Naisafisha. Zote nilizokupa nilizisafisha hivi, na wenzangu pia. Nani aoshe shira kwa maji? Kufuru hiyo!"

Ghislaine akajishika kichwa. Quebec nzima inachemsha shira kila theluji ikianza kuyeyuka, naye amesahau kwamba watu huifuta chupa kwa mkate, sukari ikabaki ndani! Zile za majaribio aliziosha mwenyewe; hizi zina sukari, na ikiingia sukari, saruji inalala, inachelewa kuganda.

Lakini inalala tu, haifi. Akalifunika zege kwa turubai, akasubiri.

Ijumaa Normand na vibarua wakaja na nyundo. Nyundo ya kwanza ikadunda ikarudi. Normand akakodoa macho. Fernande hakungoja ruhusa. Akaupanda mteremko kwa kiti chake, na gurudumu likanasa kwenye alama ya kiatu.

"Mpumbavu gani kaacha kwato hapa?"

Normand akainama, uso mwekundu, akamsukuma mpaka ndani kwa mlango wa mbele. Fernande akatazama ukumbi wote.

"Kumbe kuna dirisha la vioo vya rangi hapa mlangoni," akasema. "Nilikuwa nimelisahau."

Ghislaine akageuka upande. "Na bado mtaziosha hizo chupa," akasema.