Kasala ya Mama Yangu

Ndaya aliandikia kila mutu wa kikundi yetu ya mashairi, pale parokia ya Musonoi, mu Kolwezi, isipokuwa mi. Tata Mukuna, muzee wa miaka themanini, alipata kasala yake, lile shairi la kumusifu mutu kwa kuita majina ya wazazi wake. Hata Jessica, mutoto wa darasa la tano, alipata. Balilia, balicheka, balirudi nyumbani bepesi. Mi nilipiga makofi mpaka mikono ikauma, na moyo ukauma zaidi.

Ndaya aliniuliza jina la mama yangu mara mbili. Mara mbili niligeuza maneno.

Mu 1993 Bakasai, batu benye asili ya jimbo la Kasai, balifukuzwa Kolwezi na Katanga yote. Ndaya, naye Mukasai, akawa ku gare, anangojea treni ya Kasai na maelfu ya wenzake. Nilimupelekea unga, ni kweli, lakini nilienda kudai kasala yangu.

"Bote umebaimba. Mi nilikukosea nini?"

"Mama Rachelle, kasala bila mama haisimami. Aliitwa nani?"

Bijana benye fimbo, bale ba kufukuza Bakasai, balisimama karibu, banasikiliza. Mama yangu aliitwa Mbelu, Mukasai kama Ndaya. Kutaja jina lile pale ni kupanda treni.

"Ngoie," nikasema. "Wa Manono." Jina ya Katanga, muji ya Katanga.

Ndaya akafumba macho, akamuimba Ngoie: mikono yake, shamba lake, namna alivyonizaa mvua ikinyesha. Batu ba gare balisogea kusikiliza. Hata bale bijana balishusha fimbo.

Ilikuwa nzuri kupita zote. Mpaka leo namuonea wivu Ngoie, mwanamuke asiyezaliwa, aliyepewa sifa za mama yangu.