Kumtolea Mume Ulimi

Nyanjige alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso kwa uso na mumewe, ulimi ameutoa nje mpaka unakaribia kidevu, pale Milembe alipoingia uani na kibuyu cha uji. Kibuyu nusura kimponyoke.

"Unamtolea mwanangu ulimi?"

Nyanjige aliurudisha ulimi, akainuka kumwamkia mama mkwe kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu. Ni dawa."

"Dawa gani hiyo ya kumtusi mgonjwa?"

Ilikuwa wiki ya tatu tangu Maganga aanguke nyuma ya jembe la ng'ombe katika shamba la pamba la kijiji, hapo Ngulyati, upande mmoja wa uso ukalegea kama ngozi iliyolowa. Mguu ulirudi. Mkono ulirudi nusu. Ulimi uligoma. Kila alichokunywa kilishika njia ya pumzi, na homa ya mapafu ilikuwa imeshamlaza mara mbili. Siwema, nesi wa zahanati, hakumzungushia Nyanjige maneno. "Mama Justina, homa ya tatu hatoki nayo. Ulimi ni msuli. Ufanyishe kazi kama mnavyomfundisha maksai kuvuta jembe. Ijumaa nitakuja kumpima."

Akamwonyesha kazi zenyewe. Karanga za kusaga zipakwe pembeni mwa mdomo, ulimi uzifuate. Apulize maji kikombeni kwa bua la jani la mpapai mpaka yatoe mapovu. Ulimi nje, juu, kushoto, kulia, mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Chakula kiwe mtindi mzito au uji wa kusimama kwenye kijiko, naye ameze kidevu kikiwa kifuani. Nyumba haikuwa na kioo, basi Nyanjige akawa kioo.

Lakini Milembe alikuwa amelisha wagonjwa tangu enzi za ujana wake, na mgonjwa kwake alikuwa mtu wa kuegeshwa kichwa nyuma na kumiminiwa uji mwepesi. Uji huo Nyanjige alikuwa ameumwaga mara mbili. Leo, alipouweka kando mara ya tatu, Milembe alijifunga kanga kiunoni akaenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi Luhaga alifika mchana, akakalishwa kivulini mwa ghala.

"Ndugu Nyanjige, mashitaka ni mawili. Kumtolea mume ulimi, na kumwaga uji wa mama mkwe."

"Yote kweli, Balozi."

"Na mume alifanya nini?"

"Alinitolea wa kwake. Ila wake haukufika mbali."

Maganga alitoa mkoromo, na kona moja ya mdomo wake ikapanda. Luhaga alikohoa kuficha kicheko. Milembe hakucheka. "Mwanangu anakonda, huyu anacheza."

Nyanjige alipiga magoti mbele yake na kibuyu kilekile. "Mayu, naomba unywe wewe. Kichwa nyuma kabisa. Nami nikimimina, ulimi wako usiusogeze hata kidogo. Ukimeza salama, kuanzia leo utamlisha wewe, na mimi sitafungua kinywa."

"Uji wangu mwenyewe utanishinda?"

Alilaza kichwa nyuma. Nyanjige akamimina funda moja tu, dogo. Milembe alijitahidi kumeza, uji ukamzidi, akapaliwa, macho yakamtoka, akakohoa mpaka Luhaga akaruka kumpiga mgongoni. Ilichukua muda pumzi kurudi. Alijifuta machozi kwa pindo la kanga, akamtazama mwanawe.

"Ndivyo anavyosikia?"

"Kila funda, mayu."

Hakuna aliyetoa hukumu. Luhaga aliaga akaondoka.

Kesho yake Nyanjige alirudi kutoka kisimani akasikia sauti uani, akasimama na ndoo yake kichwani. Milembe alikuwa kwenye kigoda, ulimi nje, meno yake matatu yakiwa wazi kwa dunia nzima.

"Kushoto. Nimesema kushoto, Maganga. Ulipokuwa unaninyonya ulimi huu haukuwa mvivu hivi."

Ijumaa Siwema aliagiza vijiko kumi vya mtindi. Vitano vilishuka kimya. Cha sita pia. Cha saba Maganga alikohoa.

"Kidevu," alisema Milembe.

Maganga alishusha kidevu, akangoja, akameza. Cha nane. Cha tisa. Cha kumi alikishika mwenyewe kwa ule mkono uliorudi nusu, nusu ikamwagikia shatini, nusu ikapita ilikotakiwa.

Siwema alisikiliza kifua mbele na nyuma, muda mrefu.

"Kikavu," alisema. "Lakini msijidanganye. Mkilegeza, ulimi utalegea tena. Mwezi mzima, kila siku."

"Hata miwili," alijibu Milembe. Alikuwa ameshachutama mekoni, akiongeza unga kwenye uji.