Matanga ya Gikongoro Yaliyokaliwa Molo

Watu wengi huwa jasiri hatari ikishapita. Asekenye, jirani yangu hapa kijijini Molo, hakusubiri ipite. Mapema mwaka 1964 habari zilifika nyumbani kwake kwamba kaka za Kantengwa, mwanamke mkimbizi wa Rwanda aliyekuwa akiishi naye, waliuawa kwao Gikongoro wakati wa Krismasi, wao na watoto wao. Redio haikusema kitu. Kantengwa alitaka jambo moja tu, watu wakubali kwamba ndugu zake waliuawa.

"Basi tutakaa matanga," Asekenye akasema. "Hapa kwangu."

Tukaleta mtama na kuni. Kesho yake akaja Bwana Oguttu, ofisa wa serikali, mzaliwa wa Lunyo, huku huku kwetu, amevaa viatu vya kung'aa katika matope yetu yote yale. Alimvuta Asekenye kando, lakini sauti yake ilitufikia.

"Mama, ombeeni marehemu, hakuna neno. Ila msiseme waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Wajumbe wa serikali ya Kigali wanakuja, na wakubwa wanataka urafiki nao. Wao wanayaita mambo hayo machafuko. Nanyi yaiteni hivyo. Mkikaidi, mgeni wenu atapelekwa kambi ya wakimbizi."

Nilikasirika sana. Asekenye hakupandisha hata sauti.

"Nasikia, mwanangu. Lakini wewe nafika kwa matanga, wacha kusimama kama polisi. Kaa."

Akakaa; angefanyaje? Kwetu mtu hapiti matanga bila kukaa, na akikaa lazima aulize marehemu alikufaje. Anayemjibu ni yule wa mwisho kuingia kabla yake. Oguttu alilelewa hivyo hivyo. Akauliza kwa sauti ndogo, nami niliyekuwa wa mwisho kuingia kabla yake nikamweleza yote, hadi habari ya watoto.

Hapo akaingia mzee Omaido, ametoka kijiji cha Petta kwa baiskeli. Akakaa, akafuta jasho, akauliza, "Hawa watu nakufa na nini?"

Asekenye alikuwa ameliona hilo tangu mwanzo, mjanja yule! Tulimgeukia Oguttu sote, maana zamu ya kujibu sasa ilikuwa yake. Angeweza kusema machafuko, na hakuna ambaye angemshangaa. Kantengwa alikuwa akimtazama mdomoni.

Oguttu akavua kofia.

"Waliuawa, mzee. Kwa sababu ni Watutsi."

Kantengwa akalia kwa sauti, nasi tukampokea kilio.