Sufu Iliyozidi

Daktari alieleza mengi, tena kwa upole, lakini fundi sofa alitoka chumbani mle na jambo moja tu kichwani: koromeo la mumewe litatolewa. Mzee atapumua kwa tundu shingoni, atakula, ataishi Mungu akipenda, ila sauti ile ndiyo basi tena. Mgonjwa mwenyewe aliitikia kwa kichwa kama mtu anayetajiwa bei ya vitunguu. Daktari alikuwa ameuliza sauti ilianza lini kubadilika, na kabla mume hajafungua mdomo, mke akajibu kwamba ni juzijuzi tu, baada ya yale mafua. Mume hakumpinga.

Sasa usidhani ni sauti ya hivi hivi. Mtu huyu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Miaka nenda miaka rudi alikaa nyuma ya kioo, mbele ya kipaza sauti, akiwaambia watu treni ipi iko jukwaa lipi na ipi imechelewa, kwa besi iliyoanzia huko kwenye nyayo. Watu wasiomjua sura walikuwa wakigeuka dukani akiomba tu kiberiti. Mkewe mwenyewe alimpenda kwa masikio kwanza. Sura, kama alivyopenda kusema mbele za watu, ilifuata baadaye na haikumvunja moyo sana.

Ndipo mke akakumbuka kwamba zamani stesheni ilirekodi matangazo ya kila siku, ili yapigwe mtangazaji akiwa likizo. Akamwomba mfanyakazi mmoja wa stesheni, akaletewa yote kwenye flashi. Akayapiga kwenye simu. Sauti ikatoka kama mbu ndani ya chupa. Akaizima, akakaa juu ya kiti cha mteja ambacho hakijavalishwa kitambaa, akalia mpaka akajichokea. Yaani abaki na mbu?

Akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi redio mwenye maneno machache na mifuko iliyojaa skrubu. Shemeji akasema simu haina kifua, kinachotakiwa ni spika yenye boksi lake. Boksi kubwa lingefaa, lakini alitupa jicho sebuleni na kuona hapana pa kuliweka: sebule hiyo ndiyo ilikuwa karakana ya fundi sofa, imejaa makochi ya watu, sponji na marobota ya sufu, na kupita kwenda jikoni ilibidi mtu ajipange kwa ubavu. Basi wafanye maboksi mawili madogo, ila ndani yake kuwe na njia ndefu iliyokunjwa.

Akaichora kwa penseli nyuma ya kalenda ya zamani. Sauti ya spika, alieleza, hutoka mbele na hutoka nyuma. Ile ya nyuma wengi huifungia ndani ya boksi ikafa humo. Wao wataipa njia, iteremke, ipinde, ipande, ipinde tena, mpaka itokee kwenye mdomo ulioachwa chini, ikutane na mwenzake wa mbele. Besi inapatikana hapo. Mara ya kwanza aliiita njia hiyo koo, akakohoa, akamtazama kaka yake aliyekuwa akisoma gazeti kochini, na tangu hapo ikawa njia tu.

"Kwa haki ingetakiwa iwe ndefu kuliko sebule hii," alisema. "Ndiyo maana tunatia sufu. Sauti ikipita ndani ya sufu inatembea polepole, inadhani imetoka mbali."

"Kwa hiyo tunaidanganya."

"Kidogo. Ukizidisha, inafia njiani."

Fundi sofa alicheka. Mtu amezeekea kwenye sufu, leo afundishwe kujaza.

Lakini ilikuwa lazima kazi iishe kabla ya upasuaji, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Anayeshona kiti cha kufanana na kingine hashoni kwa kukumbuka. Anakiweka kile cha kwanza mbele yake, anakishika, anakikalia. Kesho koromeo likishatolewa, atalinganisha na nini? Spika ikisema uongo, nani atajua? Atabaki na sauti ya mtu mwingine akiiita ya mumewe, na hakuna wa kumsahihisha. Wazo hilo lilimjia akiwa sokoni, akiwa bafuni, akiwa na sindano mkononi.

Akaweka kando makochi ya wateja na kuwadanganya kwamba kitambaa hakijafika. Akakata plaiwudi. Ubao wa kugawa njia katika boksi la kwanza aliukata mfupi, kwa haraka zake, pembe ikabaki na mwanya, ikabidi aung'oe gundi ikiwa haijakauka vizuri na kuanza upya huku akijitukana. Shemeji alikuwa amemwonya kwamba hewa haitakiwi ipenye hata kwa tundu la sindano. Basi kila kiungo alikipaka gundi, akakipaka tena, akapitisha kidole, akakipaka tena. Mumewe alimtazama kutoka kochini na kumwuliza kama anatengeneza spika au mtumbwi.

Kisha hospitali wakapiga simu. Nafasi imepatikana mapema, mgonjwa aletwe wiki hiyohiyo. Fundi sofa akasema ahsante sana, akakata simu, akajikuta ameishika brashi ya gundi kwa upande wa manyoya.

Walijaribu siku iliyofuata, shemeji akiwepo. Mume, aliyekatazwa kusemasema ovyo, alitoa tangazo moja: abiria wanaombwa wasogee nyuma ya mstari. Kisha mkewe akapiga tangazo lilelile kwenye spika, sufu ikiwa imetandazwa kidogo tu ndani ya njia. Sauti ilifunguka sebuleni kote, kioo cha dirisha kikaitikia. Shemeji akainua mkono, akasema hapo hapo, pasiguswe tena.

Fundi sofa akatikisa kichwa. Huyo si yeye, alisema. Huyo ni mkubwa mno, anahutubia. Mume wake anasema kwa utaratibu, sauti yake ina ukavu fulani, haijai chumba namna ile. Shemeji akamtazama kaka yake. Kaka akatazama dari.

"Haya, wewe ndiye unayelala naye," shemeji akasema, akafunga mkoba wake.

Akabaki na kazi peke yake. Mume anasema sentensi, mke anafumba macho, anapiga ya kwenye flashi, anatia konzi nyingine ya sufu. Bado. Anatia tena, anaisukuma pembeni kwa kidole gumba kama anavyosukuma kwenye mkono wa kochi, mpaka kona iwe ngumu. Siku zikimkimbia, na mzee akichoka upesi, sentensi moja ikawa nusu. Akaona mbele bado kunapiga kelele, akavisha kitambaa kizito cha sofa kilichobaki kwa mteja mmoja. Asubuhi ya siku ya kwenda hospitali akafumba macho na kupiga, akasikia kabisa mumewe akisema naye. Hakuamini. Akarudia. Ni yeye, hata ule mkwaruzo mwishoni mwa neno.

Shemeji alikuwa amesema ubao wa ubavuni ufungwe kwa skrubu tu, uweze kufunguka baadaye. Yeye aliogopa hewa, na zaidi alijiogopa mwenyewe: boksi likibaki la kufunguka hataacha kuchokonoa. Akapaka gundi, akabana, akashusha pumzi ya kwanza ya maana tangu siku ya daktari.

Mchana binti yao akafika kwa basi kutoka mji anakofanya kazi. Hakuwa amekuja nyumbani muda mrefu. Walikuwa wakisalimiana kwa simu, na kwenye simu sauti zote ni mbu. Baba alikuwa bafuni. Mama alikuwa akipiga matangazo mara ya mwisho kabla ya kuondoka, kwa raha tu. Akasikia begi likidondoka mlangoni.

"Baba, nyamaza, usijichoshe," binti alisema, na sauti yake tayari ina machozi. "Nimeshafika."

Akaingia. Akakuta mama na maboksi mawili.

Mama alicheka kwa fahari mpaka akashika ubavu. Ikiwa damu yake mwenyewe imedanganyika, basi kazi imekwisha, shemeji na apeleke maneno yake huko. Binti hakucheka. Aliuliza wamemrekodi lini. Mama akamwambia ni zamani hizo, wewe hata shule hujamaliza.

"Mama, Baba hakuwa na sauti hii nilipokuwa shule."

Fundi sofa alikasirika kwanza. Akamwambia watu wanaokuja nyumbani kwa mwaka mara moja wasifundishe wenye nyumba. Kila siku anakula naye, kila siku anasemezana naye, atapotezaje sauti ya mumewe? Binti akajibu polepole kwamba ndiyo maana, Mama. Yeye aliiacha sauti ile kule juu, leo amekuja kuikuta hii huku chini. Nyinyi mmeshuka nayo pamoja.

Fundi sofa akayatazama maboksi. Akaona jinsi alivyokaa siku zote hizo akimsonga mume wake mzima kwa mikono yake, konzi baada ya konzi, mpaka afanane na mgonjwa. Akakumbuka na lile alilomjibu daktari. Juzijuzi tu. Baada ya mafua.

Hakuna aliyemwambia afanye nini. Akachukua patasi na nyundo, akaanza kuvunja ubavu wa boksi moja. Gundi ilikuwa imeshika kweli, maana alikuwa fundi mzuri. Plaiwudi ilichanika vipande, ikamchoma kiganjani, binti akamsihi angoje, atasaidiwa na baba mdogo akija na gari. Gari likija ni la kwenda hospitali, alisema, na akaendelea. Akatia mkono ndani, akavuta sufu, ikatoka imeshikana kama nywele za bomba la bafu. Akavuta mpaka ikabaki ile kidogo ya siku ya kwanza. Kitambaa cha mbele akakichana kwa ncha ya mkasi. Ubao uliovunjika akamwambia binti aushikilie mahali pake, auegemee kwa mwili wote, hewa isitoke, na boksi la pili akalichomoa waya. Akapiga.

Abiria wanaombwa wasogee nyuma ya mstari.

Binti aliyeegemea boksi alianza kulia, kwa sababu alimjua mara moja. Mama hakumjua. Alisimama pale na nyundo akisikiliza mwanamume mwenye kifua kipana akiongea sebuleni kwake, na ilimchukua kitambo, kwa aibu, kumkumbuka: ndiye yuleyule aliyempenda kwa masikio. Aliondoka lini? Asubuhi gani alisema nipe chai kwa sauti hiyo kwa mara ya mwisho, naye akampa chai?

Mumewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, taulo begani, shati jipya la kwendea hospitali halijafungwa vifungo. Hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha mkewe kuliko yote.

"Ulijua," alimwambia. "Nilipokuwa najaza, ulijua siyo."

Akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi," alisema kwa ile sauti kavu. "Nikasema, kumbe kwake bado sijabadilika."

Fundi sofa akaiweka nyundo juu ya kochi. Swali lililofuata alikuwa analiogopa, na hata hivyo akaliuliza. Na huko nyuma, kabla ya mafua, kabla ya daktari, ilipoanza?

Mzee alisogea, akaweka kiganja juu ya boksi lililovunjika, karibu na mkono wa bintiye. Alijua, alisema. Kila akiwasha kipaza sauti aliisikia ikipungua. Aliogopa akisema atamwaga unga, mtu wa stesheni bila sauti ni wa nini. Akameza mate kwa taabu, binti akamwambia basi Baba, inatosha, lakini akainua mkono amalizie.

"Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aseme," alisema. "Nikaona hamsemi, nikadhani labda ni masikio yangu."

Nje honi ya shemeji ililia. Fundi sofa alimfuata mumewe, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja kuanzia chini, na cha shingoni akakiacha wazi. Alimwambia kwamba daktari akiuliza tena, safari hii yeye atanyamaza, ajibu mwenyewe, na ajibu kweli. Kisha akamwomba arudie alichosema.

"Lipi?"

"Lolote," alisema. "Sema tu. Nakusikia."