Bomba la Moshi Halimo

"Ukiligusa hilo bomba, Orozaly, nakuvunja mkono!"

"Bomba langu. Nililinunua mwenyewe, nikalipandisha mwenyewe, leo nalishusha mwenyewe. Wewe shughulika na cherehani zako."

"Na jiko langu litapumulia wapi? Puani kwako?"

"Pua yangu inahama, eje. Kamuulize Kadyrkul, yeye ndiye mwenye jengo."

Alimwita eje, dada mkubwa, kama alivyomwita miaka yote, kwa hiyo nilijua hana chuki naye. Orozaly alikuwa juu ya ngazi na spana mkononi, kichwa kinakaribia kugusa zege la juu. Tursunai alikuwa chini ameukumbatia mguu wa ngazi, mkanda wa kupimia nguo unaning'inia shingoni. Mimi nilisimama mlangoni na sinia la samsa, sambusa zetu za tanuri, zinazopoa. Nasema mlangoni, lakini mlango wenyewe ulikuwa umeshang'olewa na kuegemezwa kwenye gari.

Jengo letu liko nyuma ya soko la vitambaa, hapa Bishkek. Ni la matofali, halina ghorofa, lina vyumba vitatu vya biashara: mkahawa wa Orozaly wa lagman, yaani tambi za mchuzi wa nyama, karakana ya magauni ya Tursunai, na kijichumba changu cha pembeni, ambacho kazi yake kubwa ni kulipatia tanuri langu la samsa mahali pa kuegemea. Kwa tanuri hilo naona kila anayeingia na kila anayetoka, na wateja wangu wanajua kwamba samsa zangu huja na habari ndani.

Kadyrkul alitukodisha pagale. Mkataba wake ulilitaja pagale lote kwa mstari mmoja na nusu: nguzo, kuta za nje, sakafu ya zege, zege la juu, bomba la maji linaloishia mlangoni, na waya wa umeme unaochomoza ukutani kama mkia wa panya. Hivyo ndivyo vyake. Mengine yote, kuanzia madirisha mpaka kitasa cha choo, mpangaji ajiwekee, na akihama arudishe pagale kama alivyolikuta. Joto je? Kadyrkul alituambia mabomba ya maji moto ya jiji yangefika kabla ya theluji. Mpaka leo yameishia mtaa wa pili.

Orozaly ndiye aliyetangulia kuingia. Alitoboa zege la juu, akasimamisha bomba nene la chuma kisichoshika kutu, refu mpaka likapita paa, jiko lake la makaa ya mawe likavuta vizuri. Tursunai alipokuja na mdogo wake wa kike, Burul, walijenga ukuta wa kutenganisha, kisha Tursunai akaomba jiko lake lichomekwe kwenye bomba lile lile kupitia tundu la ukutani.

"Chomeka tu, eje," Orozaly alicheka. "Moshi hauulizani ukoo."

Wakachinja kondoo pamoja kufungua milango, tukala wote, na Burul akacheza mpaka akavunja kisigino cha kiatu.

Sasa mkataba wa Orozaly ulikuwa umefika mwisho na Kadyrkul hakutaka kuuongeza. Alikuwa amepata watu wa duka la dawa, wenye mabango ya taa. Ndiyo maana siku ile ngazi ilikuwa imesimama, na ndiyo maana Tursunai alikuwa ameikumbatia. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshafika milimani. Bila bomba lile karakana isingekuwa na jiko, na wasichana wake hawawezi kushona na vidole vilivyoganda.

Kadyrkul alifika mwenyewe, koti la ngozi, rundo la funguo likilia kiunoni.

"Orozaly, madirisha unaacha. Jengo bila madirisha ni jengo gani?"

"Ulinipa matundu, baike."

"Na vigae vya sakafu. Na beseni la choo."

"Ala! Beseni la choo nalo ni pagale?" nikadakia. "Basi, baike, kaka yetu mkubwa, kuanzia leo uje ulisugue mwenyewe."

Watu wakacheka. Tursunai hakucheka. Aliachia ngazi akamkabili.

"Sawa, baike. Kama madirisha ni pagale, hata bomba la moshi ni pagale. Mwambie aliache."

Kadyrkul akatazama juu. Mtu yule si mjinga. Aliona akikubali kwamba bomba ni lake, basi kulitunza ni kazi yake, kulizibua ni kazi yake, na kesho hata mimi ningemdai la kwangu.

"Bomba la moshi halimo," akasema. "Someni mkataba. Joto ni la mpangaji."

"Na madirisha yamo?" Orozaly akauliza kutoka juu.

"Madirisha ni suala jingine."

"Hakuna suala jingine. Vyote vimo au vyote havimo. Unataka pagale? Utapata pagale, baike. Utalipata mpaka ulitapike."

Lazima niseme jinsi tulivyo. Mpangaji anayehama na kumwachia mwenye jengo kitu cha bure huchekwa sokoni mpaka siku anapowaoza wanawe. Kung'oa kila kitu ni heshima. Kwa hiyo watu wote wa safu yetu walikuja kumsaidia Orozaly, na ikawa kama sherehe. Walitoa madirisha na fremu zake. Walibandua vigae kwa nyundo, nusu vikavunjika, wakabeba hata vilivyovunjika. Mtu mmoja alichomoa misumari ukutani na kuipanga mfukoni, na tukampigia makofi. Nilikaanga chai ya maziwa, maana yake niliichemsha na chumvi na siagi, nikagawa.

Bomba lilishuka la mwisho. Tursunai alikuwa amekwenda kukaa karakanani, uso umeugeukia ukuta, na Burul ndiye aliyesimama chini akitazama.

"Kaka Orozaly," akamwambia, "na sisi tuvae makoti tukishona magauni?"

Orozaly akasugua shingo yake. Huyo Burul alikuwa akimkatia aproni za mkahawa bila malipo. Akachukua grenda, akakata kipande cha chini cha bomba, kama urefu wa mtu, akaweka na kiwiko, akaenda mwenyewe kukifunga kwenye jiko lao na kukitoa nje kupitia kioo cha dirisha. Tundu la ukutani aliliziba kwa matofali.

"Hiki nakuachieni," akasema. "Kitawasogeza mpaka mpate kirefu. Lakini kimelala, mnaona? Mkiwasha fungueni kidirisha cha juu, sumu ya makaa itoke. Mmesikia?"

"Tumesikia, baba mkwe," Burul akamtania, kwa jinsi alivyoamrisha kama mzee wa ukweni.

Kesho yake mafundi wa Kadyrkul waliziba tundu la paa kwa zege. Alitaka pagale lake liwe zima.

Kila aliyekulia kwenye nyumba ya makaa ya mawe anajua kwamba bomba la moshi linatakiwa kupanda. Tursunai alijua. Alisema atanunua refu akishamaliza magauni ya mteja wa Moscow, na magauni hayo yalikuwa yakirudi kila mara, mara kola, mara vifungo. Wasichana walishona wakikohoa kidogo. Kidirisha cha juu kilikuwa wazi, hewa ya baridi inaingia, na Burul, ambaye hata kiangazi alivaa soksi za sufu, alinung'unika kwamba wanapasha joto barabara. Ilipofika baridi yenyewe alifanya tunavyofanya sote: akakata vipande vya karatasi, akapika gundi ya unga, akabandika nyufa zote za madirisha. Kidirisha cha juu alikiacha. Dada yake alimwapisha.

Burul ndiye aliyefika wa kwanza kila asubuhi kuwasha jiko ili wenzake wakute joto. Asubuhi ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Moshi wa jiji zima ulikuwa umetufunika kama kifuniko cha sufuria, huoni mlima, huoni hata taa za barabarani. Wasichana walipofika waligonga, wakagonga tena, wakaja kuniita. Tulisukuma mlango kwa bega.

Alikuwa ameinama juu ya meza ya kukatia, shavu limelala kwenye kitambaa cha bluu, mkasi umo vidoleni. Nilidhani amesinzia. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya bibi harusi. Nikamshika mkono. Jiko bado lilikuwa likiunguruma, na kidirisha cha juu kilikuwa kimefungwa. Labda alisema atakifungua baada ya dakika chache, chumba kikianza kupata moto. Hatujui. Chumba kilikuwa na joto zuri sana.

Wakasimamisha hema la msiba uani kwa Tursunai, wakamlaza humo. Wanaume walikuja wakilia kwa sauti tangu getini, kama ipasavyo. Nami nikiwa ndani na wanawake nilisikia sauti ya Orozaly, "Mdogo wangu, nimekuzika mimi!" Wengine husema hivyo kwa desturi tu. Tursunai akaziba masikio kwa viganja. Orozaly alibeba jeneza, akatupia udongo, akaondoka bila kuonja mkate. Kwetu mtu haondoki mlangoni bila kuonja mkate, hata aje kudai deni. Watu waliliona hilo, wakalisema, na mimi nililisema pia.

Afisa wa uchunguzi alikuja akauliza: bomba la moshi la nani? Kadyrkul akatoa mkataba: halimo kwenye pagale, si langu. Orozaly akasema refu lilikuwa lake, akalichukua, na fupi alilifunga kwa mikono yake. Aliyasema hayo kabla hajaulizwa, na akataka yaandikwe. Afisa alisikiliza, akapiga chafya kwa vumbi la vitambaa, na mwishowe akaandika kwamba marehemu alitumia jiko kwa uzembe. Ndiyo hivyo. Aliyekufa ndiye mwenye kosa, na faili likafungwa.

Wasichana walitawanyika. Tursunai hakushona tena msimu ule, lakini kila Alhamisi alikuja karakanani kutoa harufu, yaani kukaanga borsok, vimaandazi vyetu vidogo, kwa mafuta mengi ili harufu imfikie marehemu. Wengine hukaanga nyumbani. Yeye alisema Burul atamtafuta huku, hajui kukaa mahali pasipo na cherehani. Alikaangia kwenye jiko dogo la umeme, akiwa na koti, pumzi yake ikitoka kama moshi. Lile jiko la makaa hakuligusa.

Alhamisi moja gari la Orozaly likasimama mbele ya tanuri langu, na juu yake limefungwa bomba. Lile lile. Nilijua kwa alama ya grenda chini yake.

"Na mkahawa wako mpya, kule ulikohamia?" nikamuuliza.

"Nimefunga," akasema, akapita.

Hakubisha hodi. Aliweka ngazi nje, akapanda paani na drili, akaanza kutoboa juu ya karakana. Vumbi la zege likamwagika ndani. Tursunai alisogeza sufuria yake ya mafuta pembeni, akaifunika, akabaki ameketi. Alijua ni nani.

Kadyrkul alikuja mbio kutoka duka la dawa, funguo zikilia.

"Wewe! Hilo ni zege la juu! Hilo ni pagale, hilo ni langu!"

Drili ikaendelea. Ndipo Tursunai akatoka, unga mpaka viwikoni.

"Ni lako, baike," akamwambia polepole. "Hakuna anayelikataa. Kama siku ile ungelitaka na bomba lake, Burul angekuwa anakata vitambaa sasa hivi. Nenda nyumbani."

Kadyrkul akageuka. Akatutazama, maana safu nzima ilikuwa imeshatoka nje, na safari hii hakuna aliyekuwa na mzaha. Akazishika funguo zake zisilie, akaondoka.

Bomba lilisimama. Orozaly akashuka, akaingia kuliunganisha na jiko, akatoa kile kipande kifupi dirishani na kukitupa nje kwenye theluji. Tursunai ndiye aliyewasha. Sote tukainua macho paani. Moshi ukatoka, ukasitasita kidogo mdomoni mwa bomba, kisha ukapanda wima. Mtu mmoja akaanza kusema kitu, nikamkanyaga mguu.

Orozaly alikusanya spana zake. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi na chuma. Harufu ya mafuta ya borsok ilikuwa imeanza tena, safari hii kutoka kwenye jiko lenyewe. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari Tursunai aliposimama kizingitini.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, eje."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Hata nikisema nimekusamehe, mwenyewe hayupo akasikia." Akajifuta mikono kwenye aproni, moja ya zile alizokata Burul. Kisha akasogea pembeni mlango ukawa wazi. "Vua viatu. Ingia ule, zinapoa."