Nani Anashuka

Msimamizi alirudi kutoka getini kwa mara ya tatu asubuhi ile, akasimama upande wa pili wa meza ya pasi. Mama Pasi hakuinua uso. Alikuwa katikati ya shuka la hospitali, na shuka likiungua hukatwa kwenye ujira wa aliyeliunguza.

"Wa nje ameshuka bei tena," msimamizi alisema. "Yuko tayari kufanya bila nauli."

Msimamizi huyo walimwita Tutaelewana, kwa sababu ndilo neno lake, na hakuna aliyewahi kutoka mikononi mwake bila kuelewana naye. Hakuwa mtu wa makelele. Alitembea tu, getini hadi mezani, mezani hadi getini, amebeba bei mdomoni.

Utaratibu huu ulianza siku mwenye kiwanda cha kufulia alipowakusanya wafanyakazi uani. Aliwaeleza kwamba ziko nchi ambako mishahara ni migumu, haishuki ng'o, ndiyo maana watu wa huko wamejaa vijiweni. Nchi nyingine mishahara inajikunja, kila mtu ana kazi na bei za madukani zimetulia. Wakapiga makofi, maana soda zilikuwa zinagawiwa mwishoni. Tangu hapo ujira ukawa unapatanwa upya kila Jumatatu. Meza za pasi hazikuongezeka hata moja. Na muuza duka wa mtaani kwa Mama Pasi, ambaye hakualikwa kwenye kikao, aliendelea kupandisha mkate, sabuni na mafuta ya taa kama kawaida yake. Mama Pasi alimtishia siku moja kwamba atahamia duka la pili. Akajibiwa kwa heshima zote, "Nenda mama, ukirudi utanikuta."

"Ni nani huyo wa nje?" Mama Pasi aliuliza.

"Mimi napeleka bei, mama. Majina hayanihusu."

Aliogopa. Nyumbani mwanawe alikuwa amelala chali tangu aanguke kwenye ujenzi, na mkwewe alikuwa na mtoto mchanga wa kunyonyesha. Kila siku mkwe aliomba ruhusa ya kutafuta kibarua, na kila siku Mama Pasi alimkatalia: tulia na mtoto, mimi si nipo? Pasi hii ndiyo iliyokuwa imesimama kati ya nyumba ile na njaa. Chai ya saa nne alishaiachia wiki iliyopita. Sasa akaiachia na nauli. Miguu anayo, atatembea.

Tutaelewana akaenda. Akarudi.

"Nusu," alisema. "Amesema atachukua nusu yako."

Mama Pasi aliisimamisha pasi. Alipiga hesabu haraka, akaona hata mkate haufiki katikati ya wiki.

"Kwa hiyo nifanye kazi ili nipate nguvu ya kuja kazini?"

Tutaelewana alinyoosha mkono, akaomba aproni.

Walikutana kwenye ujia, katikati ya mashuka mabichi yaliyoanikwa. Aliyeshuka hadi nusu alikuwa anaingia ameinamisha kichwa, blauzi imelowa maziwa kifuani kwa kupitiliza saa ya kunyonyesha. Alikuwa mkwewe.

"Mama," alisema. "Sikujua ni meza yako. Aliniambia kuna mtu ndani, basi. Mimi nilitaka tuwe wawili tunaoingiza."

Kisha akamgeukia Tutaelewana, akamwambia kwamba yeye anajitoa, mama arudi kwenye meza yake kwa ujira wake wa wiki iliyopita. Tutaelewana hakukasirika.

"Ikishashuka haipandi, dada. Bei ya meza sasa ni nusu. Kati yenu yupo anayeitaka?"

Mama Pasi alichukua aproni mkononi mwa msimamizi, akamfunga mkwewe mwenyewe, kwa nyuma. Alimwonya juu ya mashuka ya hospitali, kwamba ni mepesi, pasi isikae. Akamwambia mtoto ataangaliwa. Alitaka kulia lakini si mbele ya yule bwana.

Nje hakuenda nyumbani moja kwa moja. Alijichomeka kati ya wanawake waliokuwa wakisubiri kazi getini, labda meza nyingine itapungua mtu. Wachache walimsalimu, wengine walisogea kidogo kumbana, maana mpya ni mpya hata akiwa na mvi. Hakukaa sana. Mlango mdogo wa geti ukafunguliwa, Tutaelewana akachungulia.

"Meza ya kona. Aliyepo anachukua nusu. Nani anashuka?"

Meza ya kona ndiyo aliyomwachia mkwewe. Shuka la kwanza la mkwewe lilikuwa halijamalizika kunyooshwa. Wanawake walinyamaza, na Mama Pasi akamwomba Mungu waendelee kunyamaza hivyo hivyo, wote, hadi mlango ufungwe. Macho ya Tutaelewana yalimpitia, yakaenda, yakarudi.

Pembeni yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni alivuta pumzi na kuanza kuchomoa mkono ndani ya kanga. Huyo akiipata meza, nyumbani hakutabaki hata mmoja anayeingiza.

Mama Pasi akamwahi. Aliinua mkono juu.